Kumfunza fundi wa pampu ya kijiji: mwongozo kutoka visima vya Kwale

Pampu ya mkono ikiharibika, wa kwanza kujua ni mama aliyetangulia foleni alfajiri. Anapiga mpini mara ishirini, maji hayaji. Anapumzika, anajaribu tena, kisha anabeba mitungi yake mitupu na kuelekea kwenye kidimbwi ambacho ng'ombe wamekwisha kukitifua. Ukitaka kujua kama mafunzo ya mafundi katika eneo fulani yalifaa, usihesabu vyeti. Uliza ni siku ngapi zilipita tangu alfajiri ile mpaka maji yakatoka tena.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kufunza mafundi wa kijiji: afisa wa maji wa kaunti, mfanyakazi wa shirika, au kamati ya maji iliyochoka kusubiri gari kutoka mjini. Nitaeleza kwa pampu ya Afridev, kwa kuwa ndiyo tuliyoizoea huku pwani ya kusini mwa Kenya, na kwa kuwa Kwale ni mojawapo ya mahali ilipofanyiwa majaribio miaka ya 1980, pamoja na Malawi, kabla haijaenea Afrika na Asia. Pampu za kabla yake zilihitaji kikosi, gari na mnyororo wa kuinulia mabomba ya chuma. Afridev ilibuniwa kwa makusudi ili mwanakijiji aifungue kwa spana moja na kutoa sehemu zinazochakaa bila kung'oa bomba lililomo kisimani. Na hapa Kwale wanawake walifunzwa kuitunza tangu miaka hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema kazi hii imewazidi watu wa kijiji asikilizwe kwa adabu, kisha kazi iendelee.

Hatua ya 1: Chagua watu kabla ya kuchagua tarehe

Hapa ndipo mafunzo mengi huharibika, na huharibika kabla mkufunzi hajafika. Barua inapelekwa kwa mwenyekiti, mwenyekiti anampeleka mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. Kijana ni mwerevu, anaelewa upesi, anapewa cheti. Miezi sita baadaye amepata kazi Mombasa au Ukunda, na ujuzi wa kijiji umeondoka naye. Simlaumu kijana, cheti kimemsaidia. Lakini kisima kimebaki bila mtu.

Omba baraza liitwe, na ueleze mbele ya wote unamtafuta nani. Unamtafuta mtu mwenye nyumba au shamba hapohapo, anayechota maji kwenye pampu hiyohiyo, na ambaye watu humpelekea baiskeli, cherehani au jiko vikiharibika. Kusoma na kuandika kidogo kunatosha kwa daftari; akikosa kabisa, awe na mwenzake anayeandika. Kwa kila pampu chukua watu wawili, na angalau mmoja awe mwanamke. Nasema hivyo kwa sababu ya kazi yenyewe: anayechota kila siku ndiye anayesikia mlio mpya kwenye mpini wiki mbili kabla maji hayajapungua.

Kisha tafuta mtu mmoja wa ngazi ya juu kidogo, fundi wa eneo, atakayehudumia pampu kumi au kumi na tano. Huyu afunzwe zaidi, awe na pikipiki au njia ya kuipata, na alipwe kwa kila kazi. Wale wawili wa kijiji wanashughulika na raba, bushi (vipande ambamo pini ya mpini huzunguka) na nati. Bomba likipasuka ndani ya kisima, au pistoni (kipande kinachopanda na kushuka huko chini kuinua maji) ikianguka, wanampigia fundi wa eneo. Usiwadanganye wanakijiji kwamba siku tatu za mafunzo zitawafanya waweze kila kitu.

Hatua ya 2: Tafuta duka la spea kwanza

Niliwahi kushiriki kama mkufunzi katika mradi mmoja uliofunza mafundi kwa siku tano darasani, kwa michoro mizuri ya rangi. Tuliporudi baada ya mwaka, pampu mbili zilikuwa zimesimama kwa sababu ya raba ndogo inayoenea kwenye kiganja. Mafundi walijua hasa kilichoharibika, wakanionyesha. Hawakuwa na mahali pa kukinunua. Tangu siku hiyo sikubali kuanza mafunzo kabla sijajua spea zitatoka wapi.

Nenda dukani wewe mwenyewe. Muulize mwenye hardware wa mji wa karibu kama anauza spea za Afridev, na kama hauzi, mweleze ni pampu ngapi ziko katika eneo lake na kila moja hubadilishwa nini kwa mwaka. Mfanyabiashara akijua kuna wateja ataweka. Akikataa, kamati kadhaa zichange na kununua spea za akiba, ziwekwe mahali pamoja chini ya mtu mmoja mwenye daftari.

Kwa pampu moja, akiba ya mwaka ni hii: sili moja ya pistoni (pete nene ya raba inayoizunguka), bobini mbili (raba ndogo zinazofungua na kufunga njia ya maji), pete nyembamba ya raba ya vali ya chini (vali inayozuia maji ya bomba yasirudi kisimani), na seti ya bushi za mpini. Ongeza nati na bolti chache. Vyuma vya ndani (vinavyounganisha mpini na pistoni) na mabomba havihitaji kukaa kijijini. Kwa vifaa, unahitaji spana ya pampu, chuma cha kuegeshea (kinachozuia vyuma vya ndani visidumbukie kisimani) na kifaa cha kuvulia vali ya chini. Viandikwe kwa jina la kisima, visiwe mali ya mtu.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, msifungue chochote

Wanafunzi watakuwa na hamu ya kushika spana. Wazuie. Siku ya kwanza ni ya kumfundisha fundi kuiuliza pampu inaumwa wapi, kwa sababu fundi asiyejua kupima hufungua kila kitu, na kila unapofungua kisima bila sababu unaingiza uchafu.

Waanze kwa kutazama na kusikiliza. Mpini unacheza kushoto na kulia? Bushi zimelika. Unalia kwa mlio wa chuma kusugua chuma? Bushi zimekwisha kabisa na sasa pini inakatwa. Mpini umekuwa mwepesi ghafla na maji hayatoki? Vyuma vya ndani vimeachana au vimekatika. Mpini mzito kuliko jana? Huenda mchanga umeingia kwenye silinda, yaani bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka.

Kisha vipimo viwili, na kila mwanafunzi avifanye kwa mkono wake.

Cha kwanza ni kipimo cha kuvuja. Piga pampu mpaka maji yatoke vizuri, kisha iache ipumzike nusu saa bila mtu kuigusa. (Zungumza na waliopanga foleni, nusu saa ni ndefu kwa mwenye chungu jikoni.) Halafu piga tena ukihesabu. Maji yakitoka kabla ya mipigo mitano, vali ya chini inashika. Mipigo ikizidi hapo, maji yameshuka kisimani wakati wa mapumziko: ama vali ya chini inavuja, ama bomba lina ufa au kiungo kilichoachia gundi.

Cha pili ni kipimo cha wingi. Piga mipigo 40 kamili kwa dakika moja, mpini ufike juu kabisa na chini kabisa, huku maji yakiingia kwenye mtungi wa lita 20. Silinda ya Afridev ina upana wa milimita 50, na pistoni husafiri takriban milimita 225, kwa hiyo kila mpigo mkamilifu huinua chini kidogo ya nusu lita. Mipigo 40 ya pampu nzima hukaribia lita 17. Ukipata chini ya lita 10, sili ya pistoni imechoka.

Kuna kipimo cha tatu ambacho wakufunzi wengi hukisahau, na huku kwetu ni muhimu kabla ya mvua za Aprili. Pampu inatoa maji vizuri asubuhi, inakauka kufikia saa nne, inarudi alasiri. Hapo pampu haina kosa. Maji ya kisima yameshuka na yanajaa polepole. Mfundishe fundi kupima kina pale kisima kinapofunguliwa: kamba yenye jiwe safi mwishoni na fundo kila mita, akiandika tarehe na kipimo. Bila hilo atabadilisha raba nzima kwa mpya, watu watatoa pesa, na maji yatakauka saa nne vilevile.

Hatua ya 4: Kufungua pampu, mikono yao ndiyo ishike

Sheria yangu hapa haina msamaha: mkufunzi anafungua mara moja huku wao wakitazama, kisha anaweka mikono nyuma ya mgongo. Kila mwanafunzi afungue na kufunga pampu nzima angalau mara tatu. Ya kwanza atasahau nati. Ya pili atauliza. Ya tatu utaona mikono inatangulia macho.

Anzeni mapema, baada ya watu kuchota. Tandikeni turubai safi pembeni. Hakuna chuma kinacholala mchangani, hata kwa dakika moja, maana mchanga unaoshikwa na mafuta ya mkono ndio utakaosaga sili mpya. Nawa mikono kwa sabuni.

Fungua kifuniko cha kichwa cha pampu. Legeza nati za pini kuu ya mpini na za pini inayoshika vyuma vya ndani. Kabla ya kutoa mpini, mtu mmoja ashike chuma cha juu, na asikiachie mpaka chuma cha kuegeshea kimewekwa. Hapa ndipo ajali hutokea. Vyuma vikimponyoka, vyote vinashuka kisimani pamoja na pistoni, na kazi ya saa mbili inageuka kuwa kazi ya siku mbili kwa fundi wa eneo.

Vuta juu. Kila chuma kina urefu wa karibu mita 3, na kimeshikana na mwenzake kwa ndoano na tundu. Kikitokeza kiungo, egesha, kunja, achanisha, laza kwenye turubai kwa mpangilio uleule kilivyotoka. Kisima cha mita 30 kina vyuma kama kumi. Watu wawili wanatosha, mmoja anavuta na mwingine anapokea. Wakati wa kuvuta, kila mmoja apitishe kidole kwenye kiungo. Ndoano iliyolika upande mmoja itakatika. Afadhali ijulikane leo.

Pistoni inatoka mwisho. Mpe kila mwanafunzi aishike, aizungushe. Ile pete nene ya raba yenye mdomo ndiyo sili. Iliyo nzima mdomo wake umesimama na unarudi ukiubonyeza kwa kidole gumba. Iliyochoka imelala laini, mara nyingine ina michirizi ya mchanga unayoihisi kwa ukucha. Ndani ya pistoni kuna bobini, kipande cha raba chenye kiuno kama bobini ya uzi, kinachopanda na kushuka kufungua na kufunga njia ya maji. Kitazame pale kinapokalia. Kikiwa na alama ya mviringo iliyozama, badilisha.

Sasa vali ya chini. Funga kifaa cha kuvulia kwenye ncha ya chuma cha mwisho, shusha vyuma upya mmoja baada ya mwingine mpaka kigote chini, sukuma kishike, kisha vuta kwa nguvu moja ya ghafla. Vali ikiachia utasikia maji yaliyokuwa kwenye bomba yakiporomoka kurudi kisimani. Ni sauti ambayo mwanafunzi haisahau, na ndiyo inayomfanya aelewe kazi ya vali hiyo kuliko mchoro wowote. Vali ya chini nayo ina bobini yake, na nje ina ile pete nyembamba ya raba inayoziba kati yake na bomba. Badilisha vyote pamoja. Mtu aliyekwisha kuvuta vyuma kumi asirudishe raba kuukuu kwa ajili ya kubana shilingi chache.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa: vali ya chini inateremka kwanza na kusukumwa ikae, kisha pistoni na vyuma, kisha mpini na bushi zake. Kaza nati zote, piga, rudia vipimo viwili vya jana, na andika matokeo. Kipimo cha kabla na baada kikiwekwa pamoja mbele ya kamati, hakuna atakayeuliza pesa ilikwenda wapi.

Neno kuhusu kutu. Baadhi ya maji ya visima hula chuma, na vyuma vya ndani vya mabati hupata kutu mpaka maji yanatoka mekundu, nguo nyeupe zinaharibika, na watu wanarudi kwenye kidimbwi ingawa pampu ni nzima. Mafundi wakikuta hali hiyo, shauri kamati inunue vyuma visivyoshika kutu pale vya sasa vitakapohitaji kubadilishwa. Ni ghali zaidi, lakini vinadumu.

Hatua ya 5: Kuua viini kabla ya kuwarudishia watu kisima

Sehemu zote zioshwe kwa maji yenye klorini kabla hazijarudi. Baada ya matengenezo makubwa, kisima chenyewe kitiwe dawa, na hesabu yake fundi anaiweza akionyeshwa mara mbili.

Tuseme kisima cha kuchimbwa kwa mkono kina upana wa mita 1.2 na maji ya kina cha mita 3. Nusu ya upana ni 0.6. Zidisha 0.6 kwa 0.6, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa 3: unapata takriban mita za ujazo 3.4, yaani lita 3,400. Ukitaka miligramu 50 za klorini kwa kila lita, unahitaji gramu 170 za klorini halisi. Poda ya asilimia 70 itakuwa gramu 243, karibu robo kilo. Koroga kwenye ndoo ya plastiki, acha mashapo yatue, mimina maji ya juu kisimani. Piga pampu mpaka harufu itoke mdomoni mwake, kisha funga mpini kwa kamba usiku kucha, na mtu azuie watoto. Asubuhi piga mpaka harufu iishe, maji hayo yamwagwe mbali na mimea. Poda hii inaunguza macho na mapafu: iguseni kwa glavu, mahali penye upepo, na mwenye pumu akae mbali.

Wakiwa hapo, wakizunguke kisima kwa miguu. Nyufa kwenye sakafu ya saruji, dimbwi chini ya mdomo wa pampu, mfereji ulioziba, mbuzi wamefungwa kwenye uzio, choo kilicho ndani ya mita 30. Kila kimoja ni kazi ya fundi kukiona na ya kamati kukiondoa.

Hatua ya 6: Malipo

Fundi wa kijiji alipwe. Najua miradi mingi imejengwa juu ya kujitolea, na najua watu wetu wana moyo. Lakini anayeacha shamba lake siku nzima wakati wa kupalilia kwa ajili ya kisima cha wote, mara ya tatu hataacha. Wakubaliane barazani, kabla ya mafunzo kwisha: kiasi gani kwa kubadilisha bushi, kiasi gani kwa kuvuta vyuma vyote, na nani anaidhinisha.

Tuseme nyumba 50 zinachota, kila moja ikitoa shilingi 100 kwa mwezi. Hizo ni 5,000 kwa mwezi, 60,000 kwa mwaka. Ziende kwenye M-Pesa au akaunti yenye watia sahihi watatu, na jumla iandikwe kwenye ubao pale kisimani kila mwezi. Nyumba isiyoweza kulipa, kwa mfano ya mjane mgonjwa, kamati iisamehe waziwazi, siyo kimyakimya.

Hatua ya 7: Nani atapigiwa simu

Huko Kyuso, kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo ndani ya mipini ya pampu, vinavyotuma ujumbe kwa simu kuonyesha jinsi pampu inavyotumika. Fundi akajua pampu imesimama bila kungoja mtu asafiri kumwambia. Muda wa matengenezo ukashuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa huduma ya FundiFix, ambayo imefanya kazi Kitui na hapa Kwale.

Kijiji chako hakihitaji kifaa hicho ili kuanza. Kinahitaji namba tatu zilizopakwa rangi kwenye ukuta wa kisima: ya fundi wa kijiji, ya fundi wa eneo, na ya ofisi ya maji ya kaunti, ambayo chini ya Katiba ya 2010 ndiyo yenye jukumu la huduma za maji. Kila mwenye mtungi azione. Wakati wa mafunzo, mwombe mtu apige zote tatu uone kama zinapokelewa.

Hatua ya 8: Rudi baada ya miezi mitatu, kisha baada ya mwaka

Weka fedha za safari hizi mbili kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu zikibaki za baadaye hazitakuwepo. Usiende na hotuba. Mwambie fundi aifungue pampu mbele yako huku wewe umekaa kwenye jiwe, na ukiona kosa usiseme mpaka amalize. Mara nyingi mwenzake atamsahihisha, na hilo ndilo ulilokuja kuliona. Soma daftari. Angalia kama spea zilizotumika zimerudishwa kwenye akiba.

Na omba uonyeshwe mkebe. Wakati wa mafunzo uwe umewaambia mafundi wasitupe raba kuukuu: kila sili na kila bobini inayotolewa iingie kwenye mkebe wa maziwa, imefungwa kikaratasi chenye tarehe. Ukimimina mkebe huo kwenye turubai na kuzipanga kwa tarehe, utaona kisima kile kinakula raba kwa kasi gani, kama mchanga umeongezeka, na ni mwezi gani ujao wanapaswa kufungua tena kabla mama wa alfajiri hajarudi nyumbani na mitungi mitupu.